Kabla Uchague Programu ya Diari, Uliza Nani Anashika Funguo

Kila nikizungumzia kuandika diari, swali linalorudi ni moja: "Nitumie programu gani?" Mmoja anataka kujua kama WordPress ni nzito sana. Mwingine amesikia kuhusu wiki na anataka aweke yake kwa kompyuta yake mwenyewe. Mwingine ako na simu tu na anauliza kama inatosha. Maswali poa, na nitayajibu hapo chini. Lakini hayo ni maswali ya mwisho. La kwanza ni hili: ukishaandika miaka mitano ya maisha yako, nani atakuwa anashika funguo?

Sisi watu wa Mowlem hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Nyumba ya ploti unaweza kuipaka rangi, uweke zulia na pazia kali, lakini kufuli la mwenye ploti likigongwa kwa mlango, vitu vyako viko ndani na wewe uko nje. Programu za bure za kuandikia ziko hivyo hivyo. Unaalikwa uingie, unapanga maisha yako mle ndani, na siku mwenyewe akiamua kubomoa, unapewa notisi. Ukiwa na bahati.

Hii si nadharia. Ni historia, na sehemu kubwa yake ni yetu.

Kabla ya intaneti

Shule ilitufundisha shajara kama aina ya insha: tarehe juu, matukio chini, alama kumi na mbili kwa ishirini, basi. Hatukuambiwa kwamba nchini hii kuna watu waliandika shajara zikageuka kuwa ushahidi.

Gakaara wa Wanjaũ alikuwa mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu. Serikali ya kikoloni ilimkamata Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, na akazungushwa kambi za kizuizini kwa miaka, ikiwemo ile ya kisiwa cha Manda kule Lamu. Huko ndani aliendelea kuweka kumbukumbu. Nani ameletwa, nani ametolewa, kazi gani wanafanyishwa. Kumbukumbu hizo zilitoka kama kitabu mwaka wa 1983, karibu miaka thelathini baadaye, na 1984 kikapata tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika. Kule Karatina alikuwa na matbaa yake mwenyewe. Fikiria hiyo vizuri: kwa lugha ya leo, huyo msee alikuwa na seva yake.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Humo ndani aliandika riwaya ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani, na aliiandika kwa karatasi ya choo. Watu wengi wanajua hapo tu. Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni kwamba askari jela walifanya msako wakaichukua miswada yote. Ikarudishwa baadaye na mkubwa wa jela. Kwa maneno mengine, kitabu kizima kilitegemea uamuzi wa ofisa mmoja. Angeamka vibaya siku hiyo, kingeishia jalalani.

Hao wawili waliandika wakiwa kifungoni. Lakini kumbukumbu za mmoja zilipita miaka thelathini zikafika kwa wasomaji, na miswada ya mwingine ilikaa kwa muda mikononi mwa mtu mwingine ambaye angeweza kuichoma. Shida haikuwa kalamu wala karatasi. Shida ilikuwa nani anashika.

Enzi ya saiba

Sasa ruka mpaka mwisho wa miaka ya 1990. Intaneti ya Kenya ilikuwa inapitia setilaiti, polepole na ghali. Kebo za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009: TEAMS na SEACOM, zote mwaka huo. Kabla ya hapo ulikuwa unaingia saiba, unalipa kwa dakika, na unaandika ukiangalia saa.

Ndani ya mazingira hayo Wakenya walianza kuandika. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Mashada, baraza la mtandaoni ambapo Wakenya wa nyumbani na wa majuu walipiga stori. Halafu zikaja blogu. Blogger ilianza Agosti 1999, kampuni ndogo inayoitwa Pyra Labs, na Google ikainunua 2003. Ilikuwa bure, kwa hivyo wengi waliingia huko. Daudi Were akaunganisha blogu za Wakenya ili ukisoma moja upate njia ya kwenda nyingine. Upande wa Tanzania, Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili, aliipa yake jina Jikomboe. Jina hilo tu ni somo.

Ory Okolloh, wakili, alikuwa anaandika blogu inayoitwa Kenyan Pundit. Ilianza kama mawazo ya mtu mmoja. Halafu ikaja Desemba 2007. Matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, vurugu zikaanza, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghafla blogu ya mtu mmoja ikawa mahali watu wanapeleka habari za kile wanachokiona mtaani kwao. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika hapo wazo la ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuripoti kilichotokea na wapi. Ndani ya siku chache, yeye, Kobia, Juliana Rotich, Erik Hersman na wengine wakawa wamezindua Ushahidi. Programu hiyo imetumika duniani kote, Haiti baada ya tetemeko la 2010 ikiwemo. Ilizaliwa kwa sababu mtu fulani alikuwa na mahali pake pa kuandika tayari, kabla ya shida kufika.

Lakini angalia upande wa pili wa stori hiyo hiyo. Mwezi huo huo, Januari 2008, baraza la Mashada lilijaa matusi ya kikabila mpaka Kobia akalifunga. Badala yake akaanzisha tovuti ya kuwaambia watu kwamba hawana kabila, wao ni Wakenya. Mimi naona alifanya sawa. Ningekuwa yeye ningefunga pia. Lakini wale waliokuwa wameandika hapo kwa miaka, stori za shule, za kuhama, za mapenzi, mlango wao ulifungwa siku moja na wa wachochezi. Hata mwenye ploti mzuri, mwenye nia safi, bado ni mwenye ploti.

Ploti zinazobomolewa

Na wengine hata si wazuri, ni wafanyabiashara tu. GeoCities ilikuwa mahali ambapo mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza. Yahoo iliinunua 1999 na kuifunga Oktoba 2009. Posterous ilikuwa blogu rahisi sana, unatuma tu barua pepe na inakuwa posti. Twitter iliinunua 2012, na Aprili 2013 ikazimwa. Google+ ya watu wa kawaida ilizimwa Aprili 2019. Na MySpace ndiyo kali zaidi: mwaka huo huo wa 2019 walikiri kwamba walipokuwa wanahamisha seva, nyimbo, picha na video za watu zilizopakiwa kabla ya 2016 zilipotea. Hakuna aliyebomoa kwa makusudi. Walikuwa wanahama nyumba, na mizigo ya wapangaji ikaangukia njiani.

Hii inatokea hata kwa vitu vidogo. Nilipoacha chuo, akaunti ya barua pepe niliyopewa ilifungwa baada ya muda. Mimi nilikuwa nimeshatoa vyangu. Lakini najua wasee waliokuwa na noti za miaka mitatu mle ndani, picha, barua za mtu ambaye sasa ni marehemu. Akaunti ilikuwa na jina lao, ikionekana kama yao. Haikuwa yao.

"Basi niweke seva yangu, nimalize mchezo." Pole pole. Historia ina neno hapo pia. Tanzania ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni Machi 2018, na mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni ambayo gharama zake zilipita shilingi milioni 2 za kule. Juni mwaka huo Jamii Forums, baraza kubwa lililokuwa limeishi tangu 2006, lilijizima kwa muda kwa sababu ya agizo la mamlaka. Halikuwa kwenye ploti ya Google wala ya mtu mwingine. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikuwa ameshakamatwa Desemba 2016 katika mvutano na polisi waliotaka taarifa za wanaoandika humo. Na hapa kwetu, 2018 hiyo hiyo, Bunge lilipitisha sheria ya uhalifu wa kompyuta, na chama cha wanablogu, BAKE, kikaenda kortini kuipinga.

Kwa hivyo kumiliki seva hakukutoi kwa sheria. Kinachokupa ni kitu kimoja: hakuna kampuni inayoweza kuamka siku moja na kusema maisha yako hayana faida tena. Ndiyo maana naomba utenganishe vitu viwili. Blogu ni ya watu. Shajara ni yako. Ile ya watu ukiiweka hadharani, jua umesimama hadharani. Ile yako haina haja hata ya kugusa intaneti.

Wiki ama blogu?

Sasa tuko tayari kwa lile swali lenu.

Blogu inapanga kwa tarehe. Ya leo juu, ya jana chini. Wiki inapanga kwa mada, na kurasa zinashikana kama majirani. Ward Cunningham aliweka wiki ya kwanza mtandaoni Machi 1995, na jina alilitoa kwa basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, "wiki wiki", yaani haraka haraka kwa lugha ya Hawaii. Wikipedia ikaja Januari 2001, na ya Kiswahili ikaanza 2003. Ndesanjo wa Jikomboe ni mmoja wa watu walioijenga hiyo.

Kwa diari, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme unaandika kuhusu shosho yako. Kwa blogu, ako kwa posti ya Machi, tena ya Agosti, tena ya mwaka uliofuata, na kumtafuta ni kazi. Kwa wiki, shosho ana ukurasa wake, na kila siku uliyomtaja unaweza kuiunganisha hapo. Baada ya miaka mitatu huna tu orodha ya siku. Uko na ramani ya watu wako. Lakini kama unachotaka ni kumwaga moyo usiku na kulala, blogu ama faili la tarehe linatosha kabisa.

Sasa programu zenyewe. WordPress ilitoka 27 Mei 2003, na stori yake inafaa hapa. Kulikuwa na programu inaitwa b2, ya Michel Valdrighi, na yeye akanyamaza, kazi ikasimama. Ingekuwa ni mali ya kampuni, ingeishia hapo. Lakini ilikuwa programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuiendeleza. Matt Mullenweg na Mike Little wakaichukua, na hiyo ndiyo WordPress. Programu huria inaweza kufiwa na mwenyewe na bado ikaendelea kuishi. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza.

Kigezo cha pili: maandishi yako yanakaa wapi? WordPress inaweka kila kitu ndani ya hifadhidata. MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, ni hivyo pia. Ziko poa kama una watu wengi wanaoingia. Kwa mtu mmoja na diari yake, hifadhidata ni sanduku ambalo unahitaji fundi ili kulifungua. Ikiharibika, maneno yako yapo lakini huyafikii.

DokuWiki, iliyoanzishwa na Andreas Gohr 2004, haina hifadhidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda. Hata ukiifuta programu yenyewe, mafaili yanabaki na yanafunguka na kitu chochote kinachosoma maandishi. TiddlyWiki ya Jeremy Ruston, ya 2004 pia, imeenda mbali zaidi: wiki nzima ni faili moja tu unalofungua kwa kivinjari. Unaibeba kwa flashi. Halafu kuna zile zinazogeuza mafaili ya maandishi kuwa tovuti, kama Jekyll ya 2008 na Hugo ya 2013. Hizo ni nzuri kwa blogu ya hadharani, kwa sababu ploti ikibomolewa unabeba folda yako unahamia kwingine jioni hiyo hiyo.

Mowlem, stima na bando

Mafunzo mengi ya kuweka seva yameandikwa na watu ambao stima kwao haipotei. Tuongee ya kwetu.

Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa giza, na Desemba mwaka huo ikarudia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kukohoa. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge, intaneti ilisumbua tena nchini. Hiyo ya mwisho ndiyo siku ambayo ningetaka kila kijana wa Eastlands aiandike kwa mkono wake: alikuwa wapi, alisikia nini, alirudi nyumbani saa ngapi, nani hakurudi. Kama diari yako inafunguka tu intaneti ikiwa safi, basi siku muhimu kuliko zote ndiyo itakukataa.

Kwa hivyo kwa diari, seva ya kukodi majuu sikushauri. Nyingi zinalipwa kwa dola kila mwezi, na mwezi ukikauka, seva inafutwa. Ni kodi ya nyumba tena. Na usihangaike kufanya kompyuta ya nyumbani ionekane kutoka nje. Laini nyingi za hapa hazikupi anwani yako peke yako ya intaneti, na kwa diari hutaki ionekane kutoka nje hata kidogo.

Hii ndiyo njia ninayotumia. Laptopu kuukuu, ile betri bado inashika saa moja au mbili, kwa sababu stima ikienda inaendelea bila kustuka. Ndani yake DokuWiki. Simu yangu inaiona kupitia WiFi ya nyumbani, hata bando ikiwa imeisha. Diski imefungwa kwa nywila, ili laptopu ikiibiwa mwizi apate chuma na si maisha yangu. Kila Jumapili nanakili folda nzima kwa flashi, na flashi ya pili, yenye nywila pia, iko ushago. Moto ukishika ploti, au mwizi akipita, Mowlem na ushago haviwezi kuungua usiku mmoja.

Huna laptopu? Anza na simu. Mafaili ya maandishi ya kawaida, moja kwa kila siku, jina la faili likiwa tarehe, ukianza na mwaka ili yajipange yenyewe. Ukipata kompyuta baadaye utayamwaga ndani ya wiki na hakuna kitakachopotea. Na kama tayari unatumia programu ya kampuni fulani, usihame kwa hasira. Tafuta kitufe cha kutoa data yako, kibonyeze leo, halafu fungua ulichopata bila kutumia programu yao. Kama husomi kitu, umeshajua nani anashika funguo.

Kuna mtu ataniambia haya yote ni mengi kwa diari ya msee wa kawaida. Lakini Gakaara hakuwa anaandika akijua kuna tuzo inamngoja. Alikuwa anaandika nani ameletwa na nani ameondoka. Ukitafuta mtaa wetu kwa vitabu utapata kidogo, na mwingi wake umeandikwa na watu waliopita na gari: uhalifu, maji, takataka za Dandora. Hakuna aliyeandika vile jioni inanukia mandazi na mafuta ya taa, ama jinsi watu walichangia mazishi ya jirani ambaye hakuna aliyejua jina lake la pili. Hiyo ni kazi yetu, na tutaifanya tu ikiwa maandishi yatadumu kuliko programu.

Kwa hivyo ukiniuliza tena programu gani, jibu langu ni fupi: iliyo huria, inayoweka maandishi ya kawaida, inayofunguka bila intaneti, na nakala yake ya pili iko nyumba nyingine. Jina la programu chagua mwenyewe. Halafu andika ya leo kabla hujalala.